Mpangaji hapandi mnazi: mipango ya makazi nafuu na maisha ya familia za kipato cha chini hapa Tanga

Mjukuu wa Makorora (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleykum, na habari za jioni ndugu zangu wa Tanga na wa kwingineko.

Nimekusudia kuandika kwa urefu kidogo, hivyo naomba subira yenu. Mjadala wa nyumba za gharama nafuu unapozuka, aghalabu tunaanza na bei ya saruji na kuishia kwenye riba ya benki, na familia yenyewe inayotafuta nyumba haisikiki. Nataka nianze na familia, kwa sababu nimelelewa katika familia ya aina hiyo na ninajua ni nini kilichobadilika siku tulipoacha kupanga.

Mama yangu alikuwa akipika maandazi na mbaazi za nazi kila alfajiri na kuviuza nje ya chumba tulichopanga. Kati ya darasa la kwanza na la saba tulihama mara tano: kutoka Makorora kwenda Mabawa, kisha Mikanjuni, tukarudi Makorora, tukaenda Duga, na mwisho tena Mikanjuni. Kodi ilidaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, mara mbili ilidaiwa ya mwaka mzima, na kila tulipohamia dalali naye alichukua kodi ya mwezi mmoja. Mwezi wa kodi ulipokaribia, samaki alitoweka mezani kwetu, na zamu ya mama katika kibati, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, haikuwahi kununua kitu kingine chochote. Jambo ambalo watu hawalihesabu ni kwamba wateja wa maandazi hawahami na muuzaji. Kila tulipohama, mama alianza upya kujulikana, na ilimchukua miezi kadhaa kurudi kwenye mauzo aliyokuwa nayo mtaa tuliotoka.

Katika vyumba vyote hivyo sikumbuki hata kimoja ambacho tuliruhusiwa kupigilia msumari ukutani. Shati langu la shule lilitundikwa kwenye kamba iliyofungwa kutoka nondo ya dirisha hadi kwenye kabati. Tulipokuwa Mikanjuni mara ya kwanza, mama alipanda mche wa mnazi uani, na mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alimwomba aung'oe siku ileile. Wenyeji wa pwani mtaielewa sababu bila kuelezwa: mnazi ni mali ya aliyeupanda, na mti wa kudumu katika uwanja wa mtu ni mwanzo wa dai. Isitoshe, mnazi mrefu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na hakuna mpangaji wa chumba kimoja anayeweza kujiahidi miaka sita mahali pamoja.

Kilichotutoa huko hakikuwa mkopo wa nyumba. Kikundi cha akina mama kumi na wanne kilinunua shamba la ekari mbili pembezoni mwa mji, kikamlipa mpima, kikapitisha ramani, na kila mwanachama akakatiwa kiwanja alichokilipia kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Mama alianza na vyumba viwili vya uani, akaezeka, akahamia kabla ya plasta, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mbao. Ile fedha ya kodi, badala ya kuondoka nyumbani kila nusu mwaka, ikawa inageuka mifuko ya saruji. Mdogo wangu alisoma shule moja tangu darasa la kwanza hadi la saba, jambo ambalo mimi sikulipata. Na wateja wa maandazi, ingawa ilibidi kuwatafuta tena, hawakupotea mara nyingine.

Kwa muda mrefu tulikuwa na sakafu ya udongo, na nitalikazia jambo hili kwa sababu watu hulidharau. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa familia maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo katika nyumba ambazo tayari zilikuwa zao. Watafiti waliolinganisha watoto wa nyumba hizo na wenzao walikuta maambukizi ya minyoo na vijidudu vya tumbo yamepungua kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hiyo ni sakafu peke yake, hakuna chumba kilichoongezwa. Nyumbani kwetu hatukupima chochote, ila nakumbuka vizuri kwamba mwaka tuliomwaga zege ndio mdogo wangu alipoacha kulala na tumbo lililovimba.

Hoja yangu ni hii. Mpango wa makazi unamfaa mwenye kipato kidogo pale unapompa mahali penye usalama, palipopimwa, palipo karibu na riziki yake, kisha ukamwacha ajenge kwa mwendo wake. Mpango unaoanza kwa kumuuzia nyumba iliyokamilika, yenye vigae na feni, unamwacha nje tangu siku ya kwanza. Ningependa kusikia kutoka kwenu, hasa mliojenga na mnaojenga.

Mhasibu wa Raskazone

Ndugu Mjukuu, umeandika jambo la maana, nami naomba niongeze hesabu, kwa kuwa wengi huzungumzia riba bila kuipiga.

Chukua nyumba ya shilingi milioni 30, ambayo kwa viwango vya sasa ni nyumba ya kawaida sana. Riba za mikopo ya nyumba hapa nchini zimekuwa zikitajwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa miaka mingi. Kwa asilimia 15, ukilipa kwa miaka 15, rejesho la kila mwezi linakuwa takriban shilingi 420,000, na hadi unamaliza utakuwa umetoa zaidi ya milioni 75. Fedha hiyohiyo bila riba, kwa muda huohuo, ni shilingi 167,000 kwa mwezi. Mama wa maandazi hawezi la kwanza. La pili, kwa kusaidiana na mwanawe aliyeanza kazi, pengine angejaribu.

Hatukukosa vyombo vya kushughulikia suala hili. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962. Tulikuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa miaka ya mwanzo ya 1970, ikafa mwaka 1995. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya mikopo ya nyumba kwa rehani, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa mikopo hiyo. Haya yote yamewasaidia wenye mshahara unaopita benki. Asiye na hati ya mshahara hana pa kuingilia.

Ndiyo maana napenda kutaja mfano wa Habitat for Humanity. Millard Fuller na mkewe Linda waliishi Mbandaka, Zaire, kuanzia 1973 wakijenga nyumba na watu wa huko, kisha mwaka 1976 wakaanzisha shirika hilo Americus, Georgia. Utaratibu wao wa awali ulikuwa mwepesi kueleweka: familia inapewa mkopo usio na riba, inachangia saa zake za kazi katika kujenga nyumba yake na za wenzake, na marejesho yake yanaingia katika mfuko wa kujengea familia inayofuata. Mkopo usio na riba hauhitaji maelezo marefu kwa Waislamu wa mji huu. Na ile kazi ya mikono sisi tuna jina lake la siku zote, ni msaragambo. Kilichobaki, yaani mfuko unaozunguka kutoka familia moja hadi nyingine, ni kibati kilichopanuliwa. Kwa hiyo sioni kwa nini tuuone mpango wa namna hiyo kuwa wa kigeni.

Fundi wa Pongwe

Mimi nitasema ya kazini. Watu wa kipato kidogo hawapotezi fedha kwenye riba tu, wanazipoteza kwenye ujenzi mbovu. Mfuko wa kilo 50 unatoa matofali thelathini na kitu ya inchi sita yenye nguvu ya kuaminika. Wapo wafyatuaji wanaotoa hamsini na zaidi, na mteja anafurahia bei. Mvua za masika mbili zikipita, unachora ukuta kwa ukucha.

Jambo la pili ni mchanga wa pwani. Una chumvi, na chumvi hiyo inakula nondo ndani ya zege, na ukutani inatoka kama unga mweupe unaobandua rangi. Nimeitwa kwenye nyumba ya mjane mmoja ambaye renta yake, yaani boriti ya zege iliyo juu ya milango na madirisha, ilipasuka yote katika mwaka wa saba, kwa sababu fundi wa mwanzo alichota mchanga ufukweni usiku ili abane gharama. Yule mama alijenga kwa miaka tisa, na sehemu hiyo tumeibomoa kwa siku mbili. Mpango wowote wa makazi ambao hauna mtu wa kukagua matofali na mchanga wa familia zake, kwangu mimi bado haujakamilika. Tunaishi jirani na kiwanda cha saruji, tukiwa juu ya mawe ya chokaa, lakini elimu ya kuchanganya saruji bado ni ya kubahatisha.

Mstaafu wa Mkonge

Mwanangu Mjukuu, nimesoma maneno yako na nimeguswa, kwa sababu hata mimi nilikulia katika kambi za mashamba ya mkonge, ambako nyumba ilikuwa ya mwajiri na kazi ilipokwisha nayo nyumba ilikwisha. Hata hivyo naomba uniruhusu nitie shaka mahali pawili.

Kwanza, nyumba humfunga mtu. Viwanda vya mji huu vilipofungwa katika miaka ya 1980 na 1990, waliokuwa wamepanga waliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na waliokuwa na nyumba walibaki wakizilinda. Pili, mahali pa kiwanja ndipo panapoamua kila kitu. Katika mji wa Ahmedabad nchini India, mwaka 1987 wanawake waliokuwa wakisokota biri, yaani sigara za kienyeji, na kuishi mabanda ya mjini waliingizwa katika bahati nasibu ya nyumba nzuri zilizojengwa kilomita 12 nje ya mji, karibu sawa na kutoka Ngamiani hadi Pongwe. Asilimia 34 ya walioshinda hawakuhamia kabisa, na asilimia 32 walihamia kisha wakaondoka. Watafiti waliporudi baada ya miaka 14, hawakuona tofauti ya kipato wala ya maendeleo ya watoto kati ya walioshinda na walioshindwa, na walioshinda walilalamika kuwa mbali na ndugu na majirani wa kuwasaidia wakati wa shida. Mama yako alikuwa na bahati ya kupata ekari mbili karibu. Leo, baada ya bomba la mafuta ghafi kuelekezwa Chongoleani, jaribu kumuuliza dalali yeyote bei ya eneo lililo karibu na mji usikie atakachokutajia.

Mama wa Chumbageni

Shikamoo Mzee wetu, na wengine hamjambo. Mimi naomba tuzungumze kuhusu jina linaloandikwa kwenye karatasi, kwa sababu nyumba inabadilisha maisha ya familia ikiwa tu familia yote imo.

Dada yangu alifyatua matofali kwa mikono yake kwa miaka minne. Alibeba maji ya kumwagilia msingi akiwa na mimba ya miezi saba. Hati ya mauziano iliandikwa jina la mume peke yake, si kwa ubaya, ila kwa mazoea, kwani siku ya kwenda serikali ya mtaa yeye alibaki na watoto. Mume alipofariki ndugu zake walikuja na daftari. Ilimchukua dada yangu miaka mitatu ya kwenda na kurudi mahakamani kupata vyumba viwili katika nyumba aliyoijenga.

Sheria zipo na zinasema vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mahakama ya Rufani mwaka 1983 ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwenzi aliyechangia jasho lake haki katika ardhi hata kama jina lake halipo kwenye hati. Lakini haki inayodaiwa mahakamani na mjane mwenye watoto wanne inachosha kuliko jina lililoandikwa mapema. Nawaomba wote mnaoanzisha vikundi vya viwanja muweke sharti kwamba fomu haipokelewi bila majina ya wote wawili na picha zao.

Mzee, umesema nyumba humfunga mtu. Ni kweli kwa mwanamume anayeweza kupanda basi peke yake. Mwanamke mwenye watoto amekwishafungwa tayari, na tofauti ni kama amefungwa kwake au kwa mtu.

Mjukuu wa Makorora

Nashukuru kwa michango yote. Mama wa Chumbageni, kikundi cha mama kilikuwa cha wanawake watupu, na sikuwahi kufikiri kwamba hilo peke yake lilituepusha na mengi.

Mzee wangu, shikamoo. Hoja zako mbili nimezilala nazo usiku mzima. Kuhusu umbali nakubaliana nawe moja kwa moja, na ndiyo maana niliandika "karibu na riziki yake." Kiwanja cha bure ambacho nauli yake ya bodaboda inamaliza faida ya sinia la maandazi hakina bure ndani yake.

Kuhusu eneo karibu na mji kuwa ghali, nina jambo la kueleza. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 nchi yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilitekeleza miradi ya viwanja katika miji saba, na Tanga ikiwa mmojawapo pamoja na Dar es Salaam, Morogoro, Iringa, Mbeya, Mwanza na Tabora. Kwingine palipimwa viwanja kwenye maeneo matupu, zikachongwa barabara na kuvutwa maji, kisha watu wakajenga wenyewe. Kwingine palikuwa tayari na watu, na serikali ikapitisha barabara na mabomba katikati ya nyumba zilizokwishasimama. Miongo kadhaa baadaye wanauchumi waliyachunguza maeneo hayo kwa picha za setilaiti na takwimu za kaya. Maeneo yaliyopimwa kabla ya watu kuingia yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, mpangilio mzuri zaidi, na umeme na maji kwa wingi zaidi kuliko maeneo ya jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati ule. Yale yaliyopitishiwa huduma baadaye hayakuonyesha tofauti ya namna hiyo. Kwa hiyo uamuzi wa kupima mapema, ambao kwa kila kiwanja haugharimu fedha nyingi, ulizaa matunda kwa karibu miaka arobaini.

Sitaki kuficha upande wa pili. Utafiti huohuo uliona kwamba maeneo yale mazuri yalikuja kukaliwa na watu wenye elimu zaidi, kwa maana kwamba baadhi ya walengwa wa mwanzo waliuza na kuondoka. Hilo linanisumbua, na dawa ninayoiona ni kupima viwanja vingi, vikiwemo vidogo vya mita za mraba 200 hadi 250 ambavyo tajiri havimvutii, badala ya kupima vichache vikubwa na kuvigeuza dhahabu. Kama kupima kungeutangulia mji, dalali asingekuwa na la kutaja.

Kuna neno moja zaidi kwa wale wanaosema kwamba hati itamfungulia maskini mlango wa benki. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ulianza mwaka 2004 na matumaini hayo yalikuwa makubwa. Karibu na Buenos Aires, Argentina, walifuatiliwa watu waliovamia eneo mwaka 1981, baadhi wakapewa hati na wengine wakabaki bila hati kwa sababu tu mwenye ardhi wa upande wao alikwenda mahakamani. Waliopata hati waliboresha nyumba zao na watoto wao walisoma zaidi, lakini mikopo ya benki haikuongezeka kwa kiasi cha maana. Mama naye hakuwahi kukopa hata shilingi kwa karatasi yake. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaifungia sandukuni, akamwita fundi wa kupiga plasta.

Mstaafu wa Mkonge

Nimekuelewa, mwanangu. Kuhusu viwanja vidogo nakuunga mkono kabisa. Nyumba zetu za Ngamiani zenye korido katikati na vyumba huku na huku zimelea familia tatu tatu, tena nyingi zimekaa kwenye viwanja ambavyo leo tungeviita finyu. Alichosema Mama wa Chumbageni nimekipokea.

Kijana wa Kange

Shikamooni wakubwa. Nimefuatilia uzi huu tangu jana. Mimi ni dereva wa bajaji, nina mke na mtoto mmoja, na mwezi uliopita nimemaliza awamu ya mwisho ya kiwanja cha mita 15 kwa 20. Nina akiba ya mifuko kumi na miwili ya saruji na safari moja ya mchanga. Naomba kuuliza, nianze na nini ili nisiharibu?

Fundi wa Pongwe

Marahaba, na hongera sana kwenu wote wawili. Saruji usiilaze chini, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na usiikalishe zaidi ya miezi miwili au mitatu kwa unyevu huu wa kwetu. Mchanga huo chukua konzi uoshe kwenye chupa ya maji safi, kisha onja maji yake. Yakiwa na chumvi, mrudishie aliyekuuzia.

Usichimbe msingi kwanza. Tafuta bikoni zote nne, yaani alama za mpima kwenye kona za kiwanja, uzisafishe, uzipige picha mbele ya jirani wa kila upande. Kisha chimba choo, upande wa chini wa kiwanja, na kama wewe au jirani ana kisima acha si chini ya mita 30. Baada ya hapo vyumba viwili vya nyuma, kama alivyofanya mama yake Mjukuu, ili mbele pabaki pa nyumba kubwa.

Mama wa Chumbageni

Na kabla ya choo, mwanangu, nenda na mkeo serikali ya mtaa.

Kijana wa Kange

Ahsanteni sana. Leo asubuhi tumekwenda wote wawili, jina lake limeongezwa na mtendaji amegonga mhuri. Bikoni tumezipata tatu. Ya nne jirani anasema iko chini ya kichuguu kwenye kona ya mashariki, na amekubali Jumapili tukichimbue pamoja. Mke wangu amekwishachagua mahali pa mnazi.